Uzi: Harusi ya watu 18 ukingoni mwa Bonde la Kerio. Nisimame wapi?

LenziYaKayole | Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wadau, habari za jioni. Nimekuwa nikisoma humu kimyakimya kwa miaka miwili, leo nimebanwa na lazima niongee.

Napiga picha hapa Nairobi. Kazi zangu nyingi ni za ukumbini na hemani: watu 300, MC anayepayuka, keki ya ghorofa nne, kamati inayotaka picha ya kila shangazi na kila shangazi anataka tatu. Hiyo kazi naifanya hata nikiwa na usingizi. Sasa nimepata maharusi ambao hawataki hayo yote. Bibi harusi kwao ni Elgeyo, bwana harusi amezaliwa Buruburu. Ndoa wanaiandikisha Sheria House, kwa msajili wa ndoa, Alhamisi, ile notisi ya siku 21 ilishatolewa. Jumamosi wanapanda na jamaa wa karibu tu, watu 18, hadi Iten, kwenye shamba la binamu ya bibi harusi. Watasimama ukingoni mwa bonde, waombewe na mzee wa kanisa, wale, waondoke. Hakuna hema, hakuna MC, hakuna gari lenye riboni.

Nilienda kupaona wiki iliyopita. Unatembea kwenye nyasi, unapita ua, halafu ardhi inaisha. Chini ya miguu yako kuna zaidi ya mita 1,000 za hewa tupu, na ng'ambo Milima ya Tugen imejipanga. Nilipiga picha 200 za milima nikajiona bingwa. Kufika nyumbani na kuzifungua kwenye kompyuta, zote ni za kijivu, bapa kama sinia.

Nina Sony A7 III moja, ya pili nitakodisha. Lenzi 16-35 (pana), 35 (ya kati) na 85 (ya kuvuta karibu). Flashi mbili. Wao wanataka ibada iwe saa sita mchana "ili watu wale mapema". Nimewaambia nitawajibu kesho. Niwajibu nini?

Kivuli_Kirefu | saa 3:16 usiku

Saa sita mchana? Kataa.

NyandaZaJuu | saa 3:52 usiku

Mimi ni mtu wa huko, naishi Eldoret, nimepiga picha pale juu mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Wacha nikuambie kitu ambacho watu wa Nairobi huwa hamkitazami.

Ninyi bonde mnalijua kutoka ile barabara ya kushuka Mai Mahiu. Pale mko ukuta wa mashariki, mnatazama magharibi, jua linazama mbele yenu upande wa Mau. Kila mtu ana ile picha. Iten ni kinyume chake. Mko ukuta wa magharibi na mnatazama mashariki. Jua linachomoza mbele yako juu ya Tugen na linazama mgongoni mwako. Ukikaa ukingoni ukingoje machweo ya dhahabu juu ya bonde, utangoja hadi wajukuu waolewe.

Kinachotokea jioni ni kizuri zaidi, ila lazima ukijue mapema. Kivuli cha ukuta wetu kinaanza kutambaa kwenye sakafu ya bonde kuelekea mashariki. Huko chini kunakuwa giza la samawati, lakini Tugen ng'ambo bado inawaka. Kwa kama nusu saa una milima myekundu juu ya bonde jeusi. Hapo ndipo watu wako wasimame.

Picha zako zilikuwa za kijivu kwa sababu mwezi huu kuna vumbi na joto kule bondeni, na nadhani ulipiga asubuhi ukilitazama jua. Vumbi likiwa kati yako na jua linang'aa kama pazia. Jua likiwa nyuma yako, vumbi ni lile lile lakini linatulia. Ukienda na kichujio cha polaraiza, kile cha kukata mng'ao, kitakusaidia kidogo, si sana, na kwenye ile 16-35 kitakupa anga yenye baka jeusi upande mmoja. Kiache nyumbani.

Ibada iwe saa kumi na nusu. Maharusi wasikupe uso moja kwa moja, maana watakuwa wanalitazama jua na watakunja macho kama watu waliokula ndimu. Watazamane wao kwa wao, mmoja kaskazini, mwingine kusini. Mwanga utawapiga ubavuni.

LenziYaKayole | saa 4:01 usiku

Ni kweli, nilipiga saa tatu asubuhi. Umenisoma kama gazeti.

DigitaliTupu | saa 4:20 usiku

Na iache hiyo 16-35 kwenye begi. Lenzi pana inaisukuma milima mbali, Tugen inabaki mstari mwembamba kama uzi wa shati. Waweke maharusi ukingoni, rudi nyuma hatua arobaini uingie shambani, tumia 85, au kodisha 70-200. Utaona milima inakuja na kusimama mgongoni mwao.

Kivuli_Kirefu | saa 4:26 usiku

Si lenzi inayoisogeza milima, ni umbali wako na watu. Ukirudi nyuma hatua arobaini na 16, ukaikata picha katikati, uwiano wa mtu na mlima ni ule ule.

DigitaliTupu | saa 4:29 usiku

Haya mwalimu. Atabaki na pikseli ngapi akishakata?

Kivuli_Kirefu | saa 4:30 usiku

Chache. Sikusema afanye hivyo, nimesema ajue.

DroniDunga | saa 4:41 usiku

Bila droni pale umepoteza kazi. Nina Mini moja, nakukodishia.

NyandaZaJuu | saa 4:50 usiku

Mambo matatu, DroniDunga. Kwanza, droni Kenya inasajiliwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, kuna kanuni za 2020, na anayerusha kwa malipo anahitaji kibali. Si mchezo wa kukodishiana kama sufuria. Pili, kiangazi ndio msimu wa wale wanaoruka na miavuli kutoka ukingoni, hewa ya moto inapanda na ukuta na wao wanaipanda. Ukirusha kitu chako hapo katikati unatafuta msiba. Tatu, ni watu 18 na mzee anaomba. Hicho kidude kinalia kama nyuki elfu.

DroniDunga | saa 4:53 usiku

Sawa, nimeketi.

DadaMapambo | Jumanne, saa 1:35 asubuhi

Asubuhi njema. Mimi si mpiga picha, napanga sherehe, na nimekuwa nyuma ya wapiga picha wengi. Mmeongea jua na lenzi usiku kucha, hakuna aliyemuuliza kijana huyu atasimama wapi, na ndilo swali lililo kwenye kichwa cha uzi.

Kwenye harusi ya watu 300 wewe ni kama mhudumu. Unapita mbele ya meza, unapanda kiti, hakuna anayekukumbuka. Kwenye harusi ya watu 18 wewe ni mtu wa kumi na tisa. Ukisogea, wanakuona. Ukipiga chafya wakati wa kiapo, itasimuliwa kwenye familia hiyo miaka ishirini. Niliwahi kuwa na mpiga picha mmoja, mzuri kabisa wa kazi, harusi ya watu 12 huko Kinangop. Alizunguka wale watu kama nzi kwenye kidonda. Mama wa bwana harusi alishindwa kulia. Aliniambia baadaye, machozi yalikuja, kisha akaona lenzi, yakarudi.

Kwa hivyo fika siku moja kabla. Kula nao. Jua nani ni nani: nani haongei na nani, nani ni mgonjwa, nani alimlea bibi harusi. Picha hizo hazipatikani kwa kasi, zinapatikana kwa kujua nani atashika mkono wa nani kabla hajaushika. Wakati wa ibada chagua sehemu mbili tu, uhame mara moja, na uhame wakati wanaimba. Kamera iwe kimya, najua hizo za sasa zinaweza.

Na uwaulize watu wazee watakaa wapi. Si kila mtu anaweza kutembea hadi ukingoni.

LenziYaKayole | saa 2:12 asubuhi

Dada, hiyo ya mwisho sikuifikiria kabisa. Asante.

MzeeWaRoli36 | saa 4:05 asubuhi

Vijana hamjambo. Nilikuwa na studio ndogo karibu na River Road, enzi za filamu. Harusi ilikuwa roli tatu, kila moja picha 36, hesabu 108 basi. Roli moja kanisani, moja bustanini, moja kwenye karamu, na ukimaliza roli wakati wanavishana pete unasali. Mlima ulikuwa unapewa picha moja. Moja! Filamu ilikuwa pesa. Nyingine zote zilikuwa nyuso, kwa sababu mteja akija kuchukua albamu hakutafuta mlima, alitafuta mama yake.

Jambo lingine. Ngozi zetu. Hizi kamera zikiona gauni jeupe na anga nyeupe zinaogopa, zinaifanya picha yote kuwa giza, na nyuso zinageuka makaa. Pima mwanga wa uso. Anga ikipotea kidogo, ipotee. Nimeona picha nyingi za siku hizi, mawingu yamechorwa vizuri na bibi harusi hana macho.

LenziYaKayole | saa 4:30 asubuhi

Shikamoo mzee. Nikipima uso, Tugen itaungua?

MzeeWaRoli36 | saa 4:44 asubuhi

Marahaba. Saa kumi na moja jioni na jua limewapiga usoni, havitaachana sana. Mchana ndio ungeungua. Kama una wasiwasi, flashi yako iweke mbali na kamera, mkononi mwa kijana fulani, nguvu kidogo sana, ijaze tu macho. Ukiona flashi kwenye picha umezidisha.

NyandaZaJuu | saa 4:58 asubuhi

Niongeze moja, udongo wa pale ni mwekundu. Gauni jeupe likisimama kwenye udongo mtupu jioni, pindo lote linakuwa la rangi ya chungwa hadi magotini. Waweke kwenye nyasi.

HesabuKwanza | saa 6:15 mchana

Swali la pesa hamjaligusa. Umetoza ngapi?

LenziYaKayole | saa 6:22 mchana

45,000. Mafuta na malazi kando. Wamelipa nusu kwa M-Pesa.

HesabuKwanza | saa 6:25 mchana

Umejinyonga. Siku tatu za kazi, Nairobi hadi Iten ni zaidi ya kilomita 340, umekodisha kamera na lenzi, halafu wiki ya kuhariri. Watu 18 hakumaanishi kazi ni ndogo.

Kivuli_Kirefu | saa 6:31 mchana

Wateja ndio wanafikiri hivyo. "Tuko wachache, tupunguzie." Kana kwamba tunatoza kwa kichwa kama makanga.

LenziYaKayole | saa 6:40 mchana

Nimeshakubali, nitajifunza. Ila kuna kitu kimoja: wamekubali nizitumie picha kwenye ukurasa wangu. Hiyo ndiyo faida yangu halisi.

WakiliMtaani | saa 7:50 mchana

Hapo ndipo naingilia. Wamekubali kwa maandishi?

Watu wengi humu wanaamini kwamba aliyebonyeza ndiye mwenye picha. Kwa Kenya sivyo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwake aliyeagiza, isipokuwa mkiwa na makubaliano yanayosema vingine. Maana yake, kama huna karatasi, picha za harusi ni za maharusi. Wewe ukiziweka kwenye ukurasa wako unatumia mali yao.

Na hata ukibaki na hakimiliki, nyuso si zako. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha za wateja mtandaoni bila idhini yao. Na kwa watoto, mzazi ndiye anayekubali.

Andika ukurasa mmoja. Hakimiliki inabaki kwako, wao wanachapisha na kutuma watakavyo, wewe unaruhusiwa kuonyesha picha za maharusi wenyewe, za wageni wengine ni hadi waulizwe. Watie sahihi Alhamisi, kalamu si zitakuwepo?

LenziYaKayole | saa 8:10 mchana

Sikuwa na karatasi yoyote. Naandika leo. Wamekubali pia saa kumi na nusu, chakula kitatangulia.

MlimaLushoto | saa 11:20 jioni

Wakuu, salamu kutoka Tanga. Nimepiga harusi mbili kule Irente, Lushoto, nako ni ukingo, unaangalia Mazinde chini kabisa. Tahadhari yangu ni upepo. Hewa inapanda na ule ukuta, shela inainuka wima inamfunika bibi harusi usoni, au inamfunika mchungaji. Beba pini, beba msaidizi. Na mtu yeyote asirudi nyuma huku anatazama kamera. Mimi huwa naweka begi langu chini pale ninapotaka waishie, nawaambia nyuma ya begi hakuna picha.

NyandaZaJuu | saa 11:31 jioni

Hiyo ya begi naiiba.

LenziYaKayole | Ijumaa, saa 4:40 usiku

Niko Iten, naandika kwa simu nikiwa chini ya blanketi mbili. Baridi.

Jana Sheria House ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Kwenye korido tulikaa na maharusi wengine kama watano hivi, kila mmoja na mashahidi wake wawili, wote wamevaa kupita kiasi kwa benchi lile. Nilipata picha ya bwana harusi akimfunga tai mgeni asiyemjua, shahidi wa watu wengine. Karatasi ya WakiliMtaani ilitiwa sahihi kwa kalamu ya yule shahidi.

Leo nimekula nao. Nimejua kwamba bibi harusi alilelewa na kogo wake, yaani nyanya yake mzaa mama, na kwamba kogo ana goti bovu. Nimepima hatua kutoka nyumbani hadi ukingoni: 160, na kuna mteremko. Nimewauliza, wamesema atabebwa na wajukuu. Naona jibu hilo ni la haraka.

DadaMapambo | saa 4:52 usiku

Uliza kogo mwenyewe.

LenziYaKayole | Jumatatu, saa 2:30 usiku

Nimerudi Kayole. Nimelala saa kumi na moja mfululizo. Haya, hadithi.

Jumamosi saa nne asubuhi, gari lililobeba watu wa bwana harusi lilipasuka gurudumu kabla ya Eldoret, na gurudumu la akiba lilikuwa nalo limepasuka siku nyingi bila mtu kusema. Wakafika saa kumi na moja kasorobo. Ratiba yangu yote, ile niliyoichora na mishale ya jua, ikaenda na upepo. Nikawa nahesabu: jua kule linazama dakika chache baada ya Nairobi kwa sababu ni magharibi zaidi, lakini hizo dakika tano hazimsaidii mtu. Na mnajua giza letu huku kwenye ikweta, jua linashuka wima kama ndoo kisimani. Likizama, una kama dakika ishirini, kwisha.

Tukaanza kutembea kwenda ukingoni. Wajukuu wawili wakamwinua kogo na kiti. Hatua kama thelathini, akasema kitu kwa Kikeiyo, wakamweka chini. Bibi harusi akacheka. Nikauliza amesema nini. Amesema yeye si gunia la mahindi.

Na hapo ndipo bibi harusi alipogeuka akasema, "Basi tutafanyia hapa alipo kogo."

Ndugu zangu, "hapa alipo kogo" ni kando ya zizi. Nyuma kuna tangi jeusi la maji la plastiki, lita sijui ngapi, na kamba ya nguo. Bonde halionekani hata kidogo, limefichwa na ua. Nilisafiri kilomita 340 kupiga picha ya tangi. Nilitaka kusema neno, nikamkumbuka DadaMapambo na yule nzi wake, nikafunga mdomo.

Nilishika 35, nikapiga goti moja kando ya kiti cha kogo, chini kabisa, tangi likaenda nyuma ya bega la mzee wa kanisa na halikuonekana tena. Jua lilikuwa linapenya kati ya miti kutoka ubavuni, vipande vipande. Sikuhama. Nilihama mara moja tu, walipoimba. Watu 18 wakafanya nusu duara bila kuambiwa, kwa sababu kila mtu alitaka kumwona kogo akiona. Kisha kogo akatoa sinendet, ile mimea ya kutambaa ambayo huku wanamvisha mtu wa kusherehekewa, akamvisha mjukuu wake shingoni, halafu akamwita bwana harusi ainame. Bwana harusi ana futi sita na kitu. Alipiga magoti yote mawili kwenye samadi na suti ya kukodisha. Mama yake, yule wa Buruburu, aliona suti, akafungua mdomo alalamike, akaanza kulia badala yake. Picha hiyo ninayo. Kibuyu cha mursik, maziwa lala ya huku, kikazunguka, shangazi mmoja wa Nairobi akanywa kwa ushujaa. Nayo ninayo.

Baada ya hapo tukakimbia ukingoni, mimi na maharusi na kijana wa kushika flashi. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo hivi. NyandaZaJuu, ni kama ulivyosema. Bonde jeusi, Tugen nyekundu. Niliweka begi chini, nikarudi hatua arobaini, 85. Shela ilipanda juu kama moshi, nikaiacha. Nilikuwa na dakika kumi na mbili, nikapiga picha 140, na kama sita ni nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga.

Kosa langu lilikuwa moja na limenigharimu usiku mzima: kamera niliyokodisha saa yake ilikuwa nyuma kwa saa tatu na dakika saba. Nilipopanga picha za kamera zote mbili kwa wakati, watu wanakula wali, wanavishana pete, wanashuka garini. Sawazisheni saa za kamera kabla hamjatoka nyumbani, nawaomba.

Kivuli_Kirefu | saa 2:41 usiku

Pigia picha saa ya simu yako kwa kamera zote mbili, kila asubuhi ya kazi. Ukikosea, unajua tofauti ni ngapi, unazisogeza zote kwa mkupuo kwenye programu.

MzeeWaRoli36 | saa 2:50 usiku

Picha 140 kwa dakika kumi na mbili. Hizo ni roli nne kasoro kidogo. Mungu amekuonea huruma.

DigitaliTupu | saa 2:55 usiku

Tuonyeshe hizo sita basi.

WakiliMtaani | saa 2:56 usiku

Za maharusi tu.

LenziYaKayole | Alhamisi, saa 1:15 usiku

Nimewatumia picha 15 za kuonja. Sita za ukingoni niliziweka mbele, kwa fahari.

Maharusi wamezipenda, wameshabadilisha picha zao za simu. Mama wa bwana harusi akanipigia. Alisema za mlimani ni nzuri, Mungu ni mkubwa, lakini mbona watoto wake ni wadogo kama sisimizi, na je, ile yake analia imepigwa moja tu? Anataka ichapishwe kubwa iwekwe sebuleni. Nimempelekea nne.

Kisha bibi harusi akanitumia ujumbe wa sauti wa kogo, na tafsiri yake. Nilikuwa nimempangia zawadi, ile moja ya Tugen nyekundu, niichapishe iwe pana ya ukutani. Kogo amesema asante, lakini bonde analiona kila siku akienda kutoa ng'ombe, na halijawahi kwenda popote. Anataka watu wa Nairobi. Anataka ile ambapo wote wamesimama wakimtazama, na majina yaandikwe kwa nyuma, maana wale wa Buruburu hajawashika vizuri.

Sasa swali, na hili ni la kweli. Ile picha ni ya mwanga hafifu, ISO 3200, yaani ina chembechembe, na tangi linachungulia pembeni. Nilikate tangi au nilifute? Na nichapishe kwenye karatasi gani, ukutani pale ni moshi wa kuni?

MzeeWaRoli36 | saa 1:40 usiku

Karatasi isiyong'aa, fremu yenye kioo, na nyuma uzibe pote kwa gundi ya karatasi, moshi usiingie. Majina yaandike kwa penseli, wino unavuja mbele baada ya miaka. Tangi liache. Ni lake.

LenziYaKayole | saa 1:44 usiku

Kwa penseli. Sawa mzee. Naomba majina kwa bibi harusi sasa hivi.